Gari Lisilonguruma

Jino langu la kwanza kung'olewa na fundi lilikuwa zima. Bovu lilikuwa jirani yake. Wakati huo tulikuwa twakaa Likoni, nami ni mdogo bado wa kufungwa msuli na mamangu, na mng'oaji alikuwa kinyozi, maana kinyozi ndiye aliyekuwa na kiti cha kuegemea na mkono usiotetemeka. Ami yangu alinipakia mbele kwenye chuma cha baiskeli, nikalia njia nzima. Kinyozi akanifungua mdomo, akachungulia, kisha akamuuliza ami yangu kama nguru wameonekana sokoni. Ami yangu akiwa katikati ya kujibu, jino likatoka. Tulipofika nyumbani mamangu akanishika kidevu, akatazama ndani kwa muda, akasema, "Mbona bovu lipo?"

Ami yangu akajibu, "Basi, angalau tumeanza."

Maumivu niliyasahau. Nisilosahau ni ule mteremko wa kurudi nyumbani. Ami aliachia breki, upepo ukaingia kwenye lile pengo mdomoni mwangu ukapiga mluzi, na mimi, damu yanitoka na machozi hayajakauka, nikaanza kucheka. Nadhani ni siku ile nilipoanza kupenda magurudumu. Shule niliipenda kidogo tu. Darasa la tatu lilinishinda nikaliachia wenyewe. Nikawa utingo wa malori pale Changamwe, nikafunga turubai, nikaweka mawe nyuma ya tairi mlimani, mpaka dereva mmoja akaumwa tumbo huko bara nikapewa usukani, na sikuurudisha tena mpaka nilipostaafu.

Sasa lori lina tabia yake. Lori hulitazami, walisikiliza. Likikohoa ni dizeli chafu, likipiga mluzi ni mkanda, likinguruma vizuri waweza kuimba. Likinyamaza limekufa. Hayo ndiyo masomo yangu, na kwa masomo hayo niliishi vizuri, nikalea watoto, nikajenga hapa Mjambere. Kwa hivyo fikiria mtu kama mimi, masikio yamefundishwa miaka yote hiyo, uzeeni yuwenda kununua gari ambalo likinyamaza ndio lina afya.

Nililikuta kwenye yadi ya magari ya Kijapani yaliyotumika. Jeupe, safi, viti kama vya hotelini. Muuzaji akaniambia latumia stima na petroli, ukipenda walichomeka ukutani kama pasi, na stima ikiisha lahamia petroli lenyewe bila kukuuliza.

Nikamwambia bibi yangu, "Kumbe ni kama mtu mwenye wake wawili."

Akasema, "Wewe nunua gari. Hayo mengine wachia gari."

Siku ya kwanza tulipoliwasha, ikatoka sauti ya mwanamke ndani, laini, yasema Kijapani. Bibi yangu akajifunika mtandio vizuri.

"Nani huyo?"

"Ni gari."

"Yuwasema nini?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, usimjibu."

Mpaka leo sijui alikuwa akisema nini. Lakini kila asubuhi nikimsikia nilikuwa namwambia aleikum salaam kimoyomoyo, maana huwezi kujua.

Watu huniuliza, mzee, magari haya yana shida gani, na ni bei gani kuyatengeneza? Mimi huwajibu kwamba shida zake ni za ajabu kwanza, ghali baadaye. Nyingine hata si ghali. Petroli kwa mfano. Nilikuwa naenda kwa stima tu, Mishomoroni na kurudi, Kongowea na kurudi, nikijiona mjanja kuliko wenye vituo vya mafuta, mpaka petroli ikachacha ndani ya tangi kama uji wa juzi. Ilibidi imwagwe yote na chujio libadilishwe. Breki nazo: gari hili likipunguza mwendo lajishika lenyewe kwa mota, chuma cha breki hakifanyi kazi, na chuma kisichofanya kazi kwenye hewa yetu ya chumvi wajua mwisho wake. Kutu. Yapaswa uzikanyage kwa nguvu mara mojamoja ili zijue ziko kazini. Na kuchomeka! Mwanzo nilivuta waya dirishani, ule wa kawaida wa kuunganishia redio na feni, kichwa chake kikayeyuka, nyumba ikanuka plastiki iliyoungua. Fundi wa stima akaja akatia waya mnene na soketi yake peke yake. Hapo nililipa, na nililipa kwa furaha, maana bado nina nyumba.

Lakini kichekesho kilikuwa ile betri ndogo. Wajua gari hili lina betri mbili, kubwa ya kuendeshea na ndogo kama ya gari lolote, na hiyo ndogo ikifa, ile kubwa hata ikijaa haina kazi. Hata milango yakataa mpaka uifungue kwa ufunguo wa chuma. Basi ilikufa Ijumaa mchana, watu watoka msikitini. Na watu wa Mjambere hawawezi kupita penye gari lisilowaka. Wakavua viatu, wakakunja kanzu, wakasukuma. Walinisukuma mpaka kwenye duka la mbao, wakageuka, wakanirudisha.

"Tia gia ya pili, mzee!"

"Halina gia ya pili."

"Basi tia yoyote unayoipata!"

Ndipo akatokea mwendesha bodaboda akatwambia gari la namna hii haliwaki kwa kusukumwa hata mkilisukuma mpaka Malindi. Wote wakakaa chini wakacheka, jasho lawatoka, mmoja akasema leo nimepata thawabu za mazoezi. Betri ndogo mpya nikainunua, haikufika elfu ishirini, na gari likasema Kijapani chake kama kwamba hapakuwa na lolote.

Nilikuwa nataka kusema juu ya harusi. Naam.

Binti yangu wa mwisho alichumbiwa na kijana wa Mikindani, kijana mzuri, anasalimu mpaka wachoka kuitikia. Bibi yangu akatoa neno lake moja tu: mwanangu atatoka nyumba hii kwa gari la babake. Si la kukodi, si la kuazima. Na neno hilo lina asili yake. Yeye mwenyewe, siku yake ya harusi, aliletwa kwangu kwa pikapu iliyobeba papa mkavu asubuhi hiyohiyo. Sisi hatukuwa na uwezo mwingine, na mwenye pikapu alikuwa ameiosha, wallahi aliiosha kwa sabuni ya mche. Lakini papa ni papa. Bibi harusi alishuka mbele ya watu yuwanuka gulio. Hatujapata kugombana katika ndoa hii bila pikapu ile kupita katikati yetu.

Kwa hivyo alitaka gari la binti yake linukie. Na linukie tangu mbali, si la kunyunyiziwa marashi asubuhi ya harusi. Kila Alhamisi jioni, akishafukiza nyumba, akichukua chetezo chenye makaa akakiweka ndani ya gari, chini nyuma ya kiti cha dereva, akatia udi, udi mzuri wa mafuta, akafunga milango. Mimi niliwasha kiyoyozi ili moshi uzunguke. Viti vya nyuma alivitandika leso, mbili mbili, zikashuka mpaka chini ubavuni, ili visichafuke kabla ya siku. Na alifurahi sana kuona vile moshi ulivyokuwa ukivutwa ubavuni mwa kiti ukatokomea.

"Waona," aliniambia, "gari lenyewe lavuta. Lapenda."

Nami nikasema ndiyo, lapenda. Ungelinusa hilo gari, wewe! Watu walikuwa wakiomba lifti bila safari.

Harusi ilipokaribia, wageni washaanza kuingia na mchele umeshapetwa, gari likawasha taa ya pembetatu nyekundu. Yule mwanamke wa ndani akasema maneno mengi kuliko kawaida. Likaenda kidogo kwa kujikokota, kisha likakataa kabisa, tukalisukuma nyumbani, safari hii bila kucheka. Fundi mmoja wa huku Kisauni akalichungulia, akashika kiuno, akasema betri kubwa imekufa. Mpya nisiulize. Ya kutumika, laki tatu na nusu, na yeye hana hakika ya kuipata kabla ya harusi.

Bibi yangu alikwenda akakaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, juu ya zile leso zake, akatazama mbele. Nilimuona nikashindwa kumsogelea.

Hapo ndipo alipoanza kuja dalali. Huyu alikuwa dalali wa magari mabovu, mrefu, kanzu safi, mdomo wa asali. Sijui nani alimwambia. Akaja akakaa kwenye baraza yangu, akanywa kahawa yangu, akatikisa kichwa akilitazama gari kama atazamaye maiti.

"Ami, hili limekwisha. Mimi nakuonea huruma tu. Nipe mimi, nikupe pesa, ukodi gari la bibi harusi lenye maua, na chenji ikubakie."

"Maua sitaki," akasema bibi yangu kutoka ndani.

"Mama, siku hizi watu wakodi hata farasi."

"Basi mpande wewe."

Alikuja tena, na kila akija bei yake yashuka kama maji ya kupwa. Nikimwambia jana ulisema zaidi, ajibu, "Jana lilikuwa limekufa jana. Leo limekufa zaidi." Nami, nitasema kweli, nilianza kulainika. Siku zaenda, gari halendi, na binti yangu alikuwa akiniambia, "Baba, hata tuktuk yanitosha," yuwatabasamu, na kutabasamu kule kukawa kwanichoma kuliko kilio. Mwisho nikapeana mkono na dalali. Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Likienda, langu. Lisipokwenda, atie kamba avute. Tukasoma na Bismillahi juu yake.

Nilipomwambia bibi yangu, akanitazama, akasema, "Wewe umenileta kwa papa, sasa wampeleka mwanangu kwa tuktuk." Akaenda kuchambua iliki.

Mkwe wangu ndiye aliyetuokoa, kwa simu tu. Akasema kwao Mikindani kuna fundi wa magari haya hasa, lakini nisishangae. Nikamuuliza nisishangae nini? Akacheka. Alhamisi hiyo adhuhuri, bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka mwanamke wa bara, mnene, ovaroli ya buluu, begi mgongoni kubwa kama la mwanajeshi, na sauti ya kuita feri.

"Mzee, shikamoo! Hii gari ndio inasumbua? Usijali, leo itaongea."

"Marahaba. Huongea sana, mwanangu. Tatizo ni kwenda."

Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma, akabetua mdomo. Akasema mashine yaonyesha betri kubwa imechemka, lakini kuchemka si kufa. "Hata wewe mzee ukifungiwa kwa duka ya mabati bila dirisha utazima. Umekufa? Hujafa. Umezima." Akavaa glavu nene za mpira mpaka viwikoni, akachomoa kidude cha rangi ya machungwa cha kukatia stima ya betri, akatwambia asisogee mtu, waya za rangi hiyo haziombi msamaha. Sote tukarudi nyuma. Dalali alikuwa ameshafika, kamba begani, akakaa barazani akaagiza kahawa kana kwamba ni kwake.

Fundi akaingia nyuma. Akazitoa leso. "Haya mapazia ni ya nani?"

"Yangu," akasema bibi yangu.

"Mama, umefunika pua ya gari! Hapa ndio betri inapumulia." Na kweli, ubavuni mwa kiti palikuwa na kidirisha chenye matundu, ambacho mimi miezi yote nilidhani ni spika ya yule Mjapani. Akakifungua, akaingiza mkono, akatoa kifeni kidogo cha mviringo. Kilikuwa cheusi, kimegandwa na kitu kinene kama lami, hakizunguki hata ukikilazimisha. Akakisogeza puani. Akafumba macho.

"Mzee. Mimi nimefungua magari mingi. Nimepata panya, nimepata mchele, kuna moja nilipata meno ya mtu. Lakini sijawahi kupata feni inanukia hivi. Hii gari imefanya nini?"

Bibi yangu akakichukua, akanusa, akashika mdomo. "Yarabi. Huo ni udi wangu."

Ikabidi tumueleze fundi. Chetezo, Alhamisi, kiyoyozi, vile moshi ulivyokuwa ukivutwa. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga na glavu zake, na bibi yangu naye akaanza, na binti yangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini akaambiwa, akaanguka juu ya mamake. Mimi nikacheka nikaona machozi. Yaani betri ile ilikuwa imefukizwa kama mwari. Imefukizwa mpaka ikazimia.

"Mama," fundi akasema akijifuta, "nyumba fukiza. Nguo fukiza. Mzee mfukize akikubali. Hii, hapana."

Akakiosha kifeni kwa spiriti na mswaki, mswaki wenyewe ulikuwa wangu, nikauaga. Akaosha njia yake yote ya hewa, akapima betri kipande kwa kipande, akasema vyote vizima ila vimechoka kidogo kwa joto, vitapona. Akarudisha kila kitu mahali pake, akafuta lile kosa kwa kifaa chake, akanidai elfu saba pamoja na nauli ya bodaboda. Nikamuuliza, na ile laki tatu na nusu? Akasema, "Hiyo ni ya yule mwingine, mimi sijui alikuwa ananunua nini." Bibi yangu akamfungia biriani ya kuonjesha na kumwambia harusini asipokuja atamwapiza. Alikuja, na gauni la manjano, na ndiye aliyepiga vigelegele kushinda wenyeji.

Niseme ya harusi hapahapa maana nikingoja nitapitiwa. Binti yangu alitoka nyumba hii kwa gari la babake, leso mpya zimekunjwa magotini mwa mamake, wala hazikugusa kile kidirisha. Darajani Nyali msafara wote wapiga honi, na sisi gari letu kimya, kimya kabisa, hata nikasikia bangili za mwanangu kila alipoinua mkono kuwapungia watu. Lori halijapata kunipa sauti kama ile. Na ndani bado palinukia, maana udi ukishaingia kwenye vitambaa vya viti hautoki. Tulipofika Mikindani wanawake wa kule walifungua mlango wakasimama kidogo, wakavuta pumzi, ndipo wakaimba. Bibi yangu alinitazama kwenye kioo. Hakusema pikapu. Hajaisema tangu siku ile, na tumeshagombana mara kadhaa.

Lakini bado ni Alhamisi, na alasiri imeshaswaliwa, na dalali yuko barazani.

Alikuwa ameligeuzia gari mgongo. Hakutufuatilia, maana kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha, na yule fundi mwanamke alimuona kama mchezo. Wazee wenzangu watatu walikuwa mbele yake, na yeye alikuwa akiwaeleza jinsi atakavyoligawa. Milango ana mtu wake Changamwe. Viti vyaenda Likoni. Tairi, hizo zake mwenyewe. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani, bibi yangu na binti yangu nyuma, fundi kando yangu na kifaa chake mapajani. Nikabonyeza kidude cha kuwashia. Yule Mjapani akatusalimu kwa sauti ndogo. Pembetatu haikuwaka. Nyuma kifeni kikaanza kuvuma taratibu, pumzi ya mtoto aliyelala.

"Twende, mzee," fundi akaninong'oneza. "Polepole."

Nikaachia breki. Gari likatoka. Halikutoa hata sauti ya kikohozi, changarawe tu kidogo chini ya tairi. Nikampita nyuma dalali karibu kiasi cha kuweza kumvua kofia. Kwenye kioo niliiona mikono yake, bado yagawa, huku taa za mbele, huku za nyuma. Nikawaona na wale wazee watatu, macho yao yametoka begani kwake yatufuata sisi, na nyuso zao wamezikaza kama watu walioko mazikoni, na mmoja amejitia kikombe mdomoni kisichokuwa na kahawa.

Tulikwenda mpaka duka la mbao, tukageuka. Binti yangu alikuwa ametoa kichwa nje dirishani. Tuliporudi kwenye kona, dalali alikuwa yuwasema kuhusu ile betri kubwa, kwamba hata ikiwa imekufa, madini yake yana mteja.

Mzee mmoja akamuuliza, kwa upole, "Betri ipi, yakhe?"

"Hiyo hapo," akasema, akageuka, akaonyesha kidole. Kidole chake kikaonyesha ukuta, na alama ya tairi mchangani.

Akakitazama kidole. Akatazama njia, akatuona twaja, sisi wanne na meno yetu yote nje. Hapakuwa na aliyemcheka, naapa, tulimsubiri aseme yeye kwanza. Alikiweka kikombe chini polepole, akainuka, akajipangusa kanzu nyuma, akaitia kamba begani vizuri, akashika njia ya Mishomoroni. Nikashusha kioo nimwambie angalau amalize kahawa yake. Hakugeuka. Akaenda, akapita duka, akapita kisima cha msikiti, akakata kona, na tangu siku ile sijamuona tena.